Edita moja, watu wawili: fundi asichoke na mtu wa kawaida asikimbie

Siku hizi vijana wengi hapa Unguja wanajaribu kutengeneza edita, yaani programu zao za kuandikia, na kila nikitizama kazi zao naona moja kati ya makosa mawili, ima mtu kaitengeneza kwa ajili yake yeye na maprograma wenzake, au kaweka kitufe juu kimeandikwa "rahisi" na chengine "fundi" kama vile watu wamezaliwa makundi mawili. Hicho kitufe kitoe leo leo yakhe. Atakaebonyeza "rahisi" atabaki humo maisha, maana siku akihamia upande wa pili anakuta kila kitu kimehama na anaanza moja upya.

Kabla hujaandika chochote nenda steshenari yoyote Darajani au Mlandege, ukae pembeni umtizame dada anaechapa barua za watu. Vidole vyake vinakimbia kuliko vyako, foleni mlangoni, mmoja anataka maombi ya kazi mwengine mkataba wa nyumba, na hajawahi kufungua setingi hata siku moja wala hana haja nayo. Huyo ndio mtu wa kawaida. Si mjinga wala si mgeni wa kompyuta, ni fundi wa barua, ila edita yako kwake yeye ni kama kalamu tu, hataki kuisomea.

Sasa upande wa mafundi kuna kisa cha vi, edita ya zamani ya maprograma. Bill Joy aliiandika mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, kwa modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye waya wa simu, ya kasi ya biti 300 hivi kwa sekunde, yaani skrini inajichora polepole mpaka unasinzia, ndio maana amri zake ni herufi moja moja. Na kibodi ya mashine aliyotumia, ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, na mpaka leo watu wanatembeza kasa, kile kialama cha kuonesha unapoandika, kwa herufi hizo hizo hata kama laptopu zao zina mishale. Ikaja Vim, vi iliyoongezwa mambo, mwaka 1991 ya Mholanzi Bram Moolenaar, yule ambae programu yake ukiifungua tupu inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Fundi akishaizoea humtoi. Lakini mpe yule dada wa steshenari: anaandika "ndugu", neno halitokei maana kila herufi inachukuliwa kama amri, na kutoka hajui.

Tatizo la vi ni modi, kitufe kimoja kina kazi mbili kutegemea uko hali gani. Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya Xerox, alizichukia modi mpaka akaliweka neno hilo kwenye pleti namba ya gari yake, kwamba hazitaki. Mie siendi mbali kiasi hicho. Tizama bao: kuna namua na kuna mtaji, sheria zinabadilika kabisa, lakini hata mpita njia barazani anajua mchezo uko wapi kwa sababu anaona kama bado kuna kete za akiba au zimekwisha. Kwa hiyo ukiweka modi iweke ionekane, kasa ibadilike umbo, rangi ya ukingo ibadilike, na kitufe cha Esc kimtoe mtu kila pahala bila masuali. Na programu ikifunguka tu, mtu akigonga A itoke A. Hili halina mjadala.

Halafu jenga njia ya kupandia. Kwenye menyu andika shotikati, vile vitufe vya njia ya mkato, pembeni ya kila kitu, edita ya nano inafanya vizuri inaziandika chini ya skrini muda wote, basi mtu akiiona mara hamsini, ya hamsini na moja anaibonyeza mwenyewe. Weka na kisanduku cha kutafutia amri, mtu aandike "panga" au "geuza ukurasa" apate. Humo humo fundi nae anafaidika, maana hatoi mkono kwenye kibodi.

Usimuulize mtu "una uhakika?" kila akifuta. Anabonyeza ndio bila kusoma, sote tunafanya hivyo. Futa, halafu Ctrl+Z irudishe, hata hatua mia nyuma. Na isevu yenyewe kila baada ya sekunde chache, sie ndio watu tuliokaa kiza Unguja karibu miezi mitatu 2009 kuingia 2010 waya wa baharini ulipoharibika, tena usitegemee mtu akumbuke kusevu wakati taa inazimika bila kubisha hodi. Ami yangu, ustadhi wa chuo, alipoteza khutba nzima hivyo Alkhamisi usiku.

Huyo huyo ami ndie alienifunza jengine. Anaandika Kiswahili, katikati anaweka aya ya Kiarabu inayokwenda kutoka kulia, anarudi Kiswahili, na nukta inarukia mwanzo wa mstari, mabano yanageuka. Jaribu hilo mapema, ukiliacha mwisho utabomoa nusu ya kazi. Na kama huna kamusi ya Kiswahili basi zima ile mistari myekundu, ukurasa mzima unakuwa kama una surua.

Kwa fundi: faili kubwa lifunguke bila kuganda, setingi zikae kwenye faili la maandishi matupu aweze kulibeba kwenye flashi, na usihamishe vitufe kila toleo jipya kwa sababu tu umechoka kuviona.

Ukimaliza, mpe dada barua moja ya kweli aichape bila wewe kusema neno, kaa kimya kabisa hata ukiona anapotea, andika tu alipokwama. Fundi mfichie mausi kwa saa moja, uandike kila mara anapoiulizia.