Kabla ya kumfundisha mhudumu kuomba radhi, malizana na dirisha la malipo

Kama wewe ni mganga mfawidhi au muuguzi kiongozi hapa Dodoma, na unaandaa mafunzo ya kuzungumza na familia baada ya mgonjwa kudhurika mikononi mwetu, weka haya sawa kabla hujamwita mkufunzi.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa na viti vya kutosha. Habari hizi hazitolewi kwenye korido.

Tafuta watumishi wanaojua Kigogo na uwafundishe pamoja na madaktari. Usimbebeshe mjukuu kazi ya kutafsiri madhara aliyopata bibi yake.

Uongozi utamke kwa maandishi kwamba atakayesema ukweli hataachwa peke yake. Mtumishi anayehofia kufikishwa kwenye Baraza la taaluma yake atanyamaza hata umfundishe wiki nzima. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Ya hapa kwetu muulize mwanasheria wa hospitali mapema, siyo siku ya tukio.

Sasa bili, na hapa nakuomba usikilize. Niliwahi kumshuhudia mama mmoja aliyemleta binti yake wa darasa la sita. Mtoto alizidishiwa dozi, akalala wodini siku nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Daktari alifanya kila kitu sawasawa: alivuta kiti akakaa, akasema, "Mama, binti yako alipewa dawa kuzidi kipimo. Kosa ni letu. Tunakuomba radhi." Mama aliuliza tu kama atapona, akashukuru kuambiwa ukweli. Siku ya ruhusa akaenda dirishani, na kwenye bili zilikuwemo zile siku zote, pamoja na dawa za kutibu madhara tuliyoyasababisha sisi. Mhasibu hakuwa na taarifa yoyote. Akamwambia bila stakabadhi hatoki. Mama akafungua fundo la khanga, akahesabu noti, hazikutosha. Akaniuliza, "Sista, kumbe hata ile pole nailipia?" Sikuwa na jibu. Baba mkubwa wa mtoto alipofika, hakutaka tena kumsikia daktari.

Kwa hiyo mhasibu na mtu wa bima wakae kwenye mafunzo hayo toka siku ya kwanza, na mkubaliane nani ana mamlaka ya kusimamisha bili. Mwongozo wa Marekani uitwao CANDOR, wa mwaka 2016, unataka bili izuiwe tangu tukio linapojulikana. Hilo halihitaji mashine wala mfadhili.

Mlinzi wa getini naye aambiwe bili ikisimamishwa, asiwazuie kutoka. Aliyekosea pia apate wa kuzungumza naye kabla hajarudishwa zamu. Na msiahidi ovyo: mkisema Ijumaa mtapiga simu, pigeni hata kama uchunguzi haujaisha, na mhakikishe namba mliyoandika ni ya ndugu mwenyewe, maana vijijini mara nyingi ni ya jirani.