Jinsi ya kumpata fundi wa kusafisha picha zako za simu na kamera

Napiga picha za harusi na za familia hapa Dar es Salaam. Nikishamkabidhi mteja flashi yake, swali linalofuata karibu kila mara ni moja: nizipeleke wapi zikatoke vizuri? Siku hizi kila mtaa una mtu mwenye printa na bango la "picha dakika tano". Bango halisemi kitu, na hata jina la mashine halisemi mengi. Kinachosema ni picha moja ya majaribio, mradi ujue kuichagua na kuikagua.

Hatua ya 1: Lifanyie hesabu faili lako kwanza

Mafundi wengi hulaumiwa kwa makosa ya faili. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli (nukta zinazounda picha) kama 1,600 tu. Chukua hizo pikseli, gawanya kwa inchi za upande mrefu wa karatasi. Ukipata 300 kwa inchi, safi kabisa. 200 inaridhisha. Ikishuka chini ya 150, jiandae kuona ukungu.

Kwa hiyo picha hiyo ya WhatsApp ukiitoa inchi 4x6 unapata kama 266 kwa inchi, na hakuna atakayelalamika. Ukitaka A4, ambayo upande wake mrefu ni inchi 11.7, unabaki na 137, na hapo kope za bibi harusi zinakuwa doa. Faili lilelile kutoka kwenye simu yenye megapikseli 12 lina pikseli 4,000 upande mrefu, na A4 inatoka bila shida. Basi mwombe aliyepiga picha akutumie kama dokumenti, au kwa Google Drive, au kwa flashi. Skrinishoti usipeleke kabisa.

Wenye kamera kubwa, hifadhini nakala ya kuprinti katika JPEG yenye rangi za sRGB, yaani mpangilio wa rangi wa kawaida. Mashine nyingi za mitaani zinasubiri hiyo, na ukipeleka Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi ulio kwenye kamera hizo, ngozi zinatoka zimepauka.

Halafu kuna suala la kukatwa. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3, lakini karatasi ya 4x6 ni 3:2. Usipokata mwenyewe, mashine itakukatia, na kwa picha iliyolala kinachopotea ni kilemba cha mama juu au miguu chini. Kata nyumbani, au mwambie fundi aache weupe pembeni.

Hatua ya 2: Jua picha inatokaje

Kuna njia nne utakazokutana nazo.

Ya stesheneri yenye printa ya leza, ile ya kutolea fotokopi, iache kwa ajili ya vipeperushi.

Printa ya wino inaweza kuwa mbaya sana au nzuri kuliko zote. Tofauti iko kwenye wino na karatasi. Muulize fundi kama wino ni wa mashine yenyewe au wa kujaziwa, na karatasi ina gramu ngapi. Karatasi nyepesi ya gramu 115 hujikunja ikikaa. Ya 230 au 260 unaisikia mkononi kuwa ni picha.

Ya tatu ni printa ya utepe, inayotumika sana kwa pasipoti saizi na kwenye sherehe. Hupaka rangi kwa joto, njano, kisha nyekundu ya zambarau, kisha buluu, na mwisho tabaka angavu la kulinda. Haina nukta za wino na inavumilia vidole vya jasho. Kwa picha ndogo za albamu naipenda.

Ya nne ni mashine kubwa ya kemikali, kama Frontier za Fujifilm au Noritsu. Karatasi humulikwa kwa leza, ikaoshwa kwenye dawa, ikakaushwa. Ikiwa katika hali nzuri, ngozi zinatoka laini sana. Lakini dawa inachoka, na duka lisilo na wateja hukaa na dawa ileile muda mrefu, rangi zinaanza kuyumba. Printa ya wino nayo ikikaa bila kazi, matundu yake huziba na picha hutoka na mistari. Ndiyo maana kati ya duka lenye mashine ya bei mbaya na tupu, na lenye mashine ya kawaida lakini foleni ya wapiga picha, mimi nasimama kwenye foleni.

Hatua ya 3: Chagua picha ya kumtegea fundi

Usipeleke picha ya maua wala ya machweo. Maua yakigeuka wekundu kidogo, nani atajua? Peleka picha yenye kanzu nyeupe, koti jeusi, na nyuso za watu weusi na maji ya kunde pamoja. Harusi za Pwani zinakupa vyote hivyo kwenye picha moja.

Kabla hujaondoka nyumbani, shusha mwangaza wa simu hadi nusu, kisha itazame. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Kama nyuso zimezama gizani kwenye nusu ya mwangaza, zitazama pia kwenye karatasi, na inabidi uzinyanyue wewe mwenyewe.

Hatua ya 4: Peleka duka mbili au tatu, uliza jambo moja

Picha ileile, saizi ileile, aina ileile ya karatasi. Ukifika, salimia vizuri, kisha sema: "Fundi, naomba uitoe kama ilivyo, zima auto."

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mashine ikiachiwa ijirekebishe, hupima wastani wa mwanga. Ikiona shela na kanzu zimejaa, hudhani picha imeungua kwa mwanga kuzidi, hivyo inaitia giza na nyuso zinapotea. Ikiona nyuso nyeusi mbele ya ukuta mweusi, hufanya kinyume chake na watu wanatoka kijivu kama wamepakwa majivu. Fundi anayeelewa ulichoomba atakujibu mara moja, pengine atakuuliza kama faili limeshasahihishwa. Anayekuambia "usijali, mashine inafanya yenyewe" ameshakujibu pia. Shukuru, lipia hiyo moja, endelea na safari.

Kuhusu karatasi ya glosi (inayong'aa) au mati (isiyong'aa), hilo ni la macho yako. Mimi kwa albamu zinazopitishwa mkono kwa mkono sebuleni huchukua mati, kwa sababu haionyeshi alama za vidole.

Hatua ya 5: Kagua nje, mchana, kivulini

Taa za dukani zinadanganya. Toka nazo nje zote, zipange sambamba, uanze na kanzu. Ikiwa na kijani au waridi, rangi ya mashine haijasawazishwa. Kisha koti: je, unaona mikunjo na vifungo, au ni shimo jeusi tu? Nyuso ziangalie mwisho, jicho likishazoea.

Zigeuze zielekee mwanga kwa ubavu utafute mistari. Kisha fungua kamera ya simu, kuza shavu la mtu mmoja. Ukiona nukta nyingi, hiyo ni ya wino iliyoprintiwa harakaharaka. Kama ni printa ya wino, dondoshea tone la maji kwenye kona, futa baada ya muda mfupi. Rangi ikitiririka, usiipe picha hiyo ukuta wa nyumba ya Mombasa au Tanga.

Hatua ya 6: Toa kazi yote kwa mkupuo

Ukishampata fundi wako, mwachie ile picha ya majaribio kama kipimo na uandike nyuma aina ya karatasi. Albamu nzima itoke siku moja, kwenye mashine moja. Ukigawa kazi kati ya Jumatatu na Ijumaa, ukurasa wa kushoto na wa kulia vinaweza visifanane.

Za kutundika ukutani, mwambie wa fremu aweke kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ikae kati ya picha na kioo. Kwa unyevu wa huku kwetu, glosi iliyogusa kioo hugandana nacho, na ukija kubadili fremu unaibandua na uso wa mtu.