Kula chakula cha Kilao ukiwa safarini: hatua kwa hatua

Shemeji yangu wa Tanga alipokuwa anajiandaa kwenda Luang Prabang, mji wa kaskazini mwa Laos, tulikaa kwenye simu karibu usiku mzima. Yeye anapenda kula vizuri, na hali nguruwe. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyokumbuka baada ya kukata simu.

Hatua ya 1: Zoea wali wa kunata

Khao niao kwa Walao ni kama ugali kwetu. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukaiva kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi, kisha huletwa mezani kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko kiitwacho tip khao. Mega, finyanga tonge dogo, chovya kwenye jaew, yaani pilipili zilizochomwa na kupondwa kinuni. Usiombe uma. Funika kikapu kila ukimaliza kumega, kwa sababu wali huu ukipigwa na hewa unakuwa mgumu.

Hatua ya 2: Amka mapema

Saa kumi na mbili asubuhi uwe sokoni. Soko la asubuhi la Luang Prabang kwa miaka mingi lilikuwa kwenye vichochoro karibu na ikulu ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho; waulize wenyeji liko wapi sasa. Tafuta mok pa, samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke.

Hatua ya 3: Agiza laap, na uagize kwa maneno haya

Hapa ndipo nilipoumia. Safari yangu ya kwanza nilisema "laap" tu, nikaletewa nyama nyekundu, nikaila kwa adabu, kesho yake sikutoka chumbani.

Laap ni nyama au samaki aliyekatwakatwa vipande vidogo sana, akachanganywa na ndimu, nanaa, pilipili na unga wa mchele wa kunata uliokaangwa mkavu. Tatizo ni kwamba ipo ya aina mbili. *Laap suk* imepikwa. *Laap dip* ni mbichi, na mara nyingine hutiwa damu. Kwa hiyo neno "suk" ulitamke kabla mpishi hajaanza kukata, na ulirudie. Sahani ikifika, fumua katikati: nyama iliyoiva haina wekundu. Ikiwa bado nyekundu, irudishe kwa tabasamu na useme "suk" tena. Hakuna atakayekasirika.

Kwa samaki wa mtoni sina mjadala: mbichi usile, hata wenyeji wakikusihi. Samaki wa maji baridi wa huko wanaweza kuwa na minyoo bapa wa ini, na maambukizi ya muda mrefu yanahusishwa na saratani ya njia za nyongo. Ndimu haiwaui, na pilipili pia haiwaui. Moto ndio unaowaua. Ukiona neno "koi" kwenye orodha, uliza kwanza, kwa kuwa mara nyingi ni mbichi.

Kama huli nguruwe, sema "khoy bo kin mu". Kama hutaki damu, sema "bo sai leuat". Usidhani tambi ziko salama. Khao soi ya Luang Prabang haifanani na ile ya Thailand. Kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe ya kusaga iliyopikwa na soya iliyochachushwa. Agiza ping kai, kuku wa kuchoma kwenye vijiti vya mianzi, uwe na amani.

Hatua ya 4: Tam mak hung

Papai bichi lililopondwa kinuni. Sema "phet noi" wapunguze pilipili. Lina padaek, samaki aliyechachushwa mwenye harufu nzito. Uliza kama padaek hiyo imechemshwa.

Hatua ya 5: Or lam

Mchuzi mzito wa Luang Prabang. Ndani yake utakuta vipande vya shina la mmea mtambaazi uitwao sakhan, vinavyowasha ulimi na kuufanya ganzi. Tafuna, fyonza, tema. Usimeze.

Hatua ya 6: Cha kubeba nyumbani

Mimi hubeba kaipen, mwani wa mtoni uliokaushwa ukawa mwembamba kama karatasi na kunyunyiziwa ufuta. Ni mwepesi na hauvuji. Jaew bong, aina ya jaew inayouzwa kwenye chupa, ni tamu pia, ila ndani yake kuna ngozi ya nyati, na kwenye begi chupa inaweza kupasuka. Kaipen ikaange kwa mafuta ya moto mdogo, sekunde chache tu, huku koleo likiwa mkononi. Ikigeuka kahawia inakuwa chungu.