Mafunzo kazini: kutambua hitaji kabla, kupima matokeo baada

Maombi ya mafunzo mara nyingi hufika mezani yakiwa tayari na jina la kozi: "Tunaomba watu wetu wapelekwe kozi ya huduma kwa wateja." Usikimbilie kutafuta mkufunzi. Muulize aliyeleta ombi: ni jambo gani linatokea kazini ambalo halipaswi kutokea? Au ni lipi linapaswa kutokea na halitokei? Jibu lake ndilo litakaloonyesha hitaji, na ndilo utakalolirudia miezi kadhaa baadaye ukitaka kujua kama mafunzo yalifaa. Kwa hiyo nazifundisha kazi hizi mbili kwa pamoja. Anayeanza kuwaza tathmini siku ya kufunga kozi amechelewa.

Hatua ya 1: Lieleze tatizo kwa namba

"Wafanyakazi hawako makini" ni lawama tu, huwezi kuipima. Chukua mfano wa ghala, nitautumia hadi mwisho. Tuseme katika kila oda 100 zinazofungwa, 12 hurudishwa kwa sababu mteja ametumiwa bidhaa asiyoiagiza. Kiwango kinachokubalika ni 3. Pengo ni oda 9 katika kila 100. Andika namba hiyo, tarehe yake na rejesta ulikoitoa. Usipoiandika leo, baadaye hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 2: Chambua ngazi tatu

Mgawanyo unaotumika hadi leo ulitolewa na William McGehee na Paul Thayer mwaka 1961: taasisi, kazi, mtu. Taasisi inaelekea wapi, na tatizo liko idara gani? Kazi yenyewe ina hatua zipi (ziorodheshe), na kosa huingia hatua ipi? Nani hasa anakosea? Ngazi hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na idara nzima hukalishwa darasani kwa upungufu wa watu watatu.

Hatua ya 3: Hakikisha mafunzo ndiyo dawa

Hapa tulia, maana ndipo fedha nyingi zinapookolewa. Robert Mager na Peter Pipe walitoa mwaka 1970 swali ambalo sijaona linaloshinda: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii sawasawa kama uhai wake ungeitegemea? Ikiwa angeweza, basi ujuzi anao, na kozi haitamwongezea kitu. Tafuta kinachomzuia.

Rudi ghalani. Huenda bidhaa mbili zina lebo zinazokaribia kufanana na zimepangwa rafu moja. Huenda wafungaji hulipwa kwa wingi wa oda, kwa hiyo anayekagua mara mbili hupoteza kipato. Huenda hakuna anayewaambia mzigo umerudi, na kila mmoja anaamini kazi yake ni safi. Lebo, malipo na mrejesho ni mambo ya uongozi kurekebisha, na mfanyakazi akipelekwa darasani kwa ajili ya hayo, unambebesha kosa lisilo lake.

Kuna pia aliyewahi kujua akasahau kwa sababu kazi hiyo huifanya mara moja moja. Huyo mbandikie orodha ya hatua mahali anapofanyia kazi.

Hatua ya 4: Kusanya taarifa kwa njia zaidi ya moja

Dodoso peke yake huleta orodha ya kozi ambazo watu wangependa kuhudhuria. Soma rejesta za makosa na malalamiko ya wateja. Simama pembeni uangalie kazi ikifanyika. Zaidi ya yote, kaa na mfanyakazi hodari kuliko wote umtazame anavyofanya tofauti, kwa sababu mara nyingi ana mbinu ambayo haimo kwenye mwongozo wowote, na hiyo inaweza kuwa somo lenyewe.

Hatua ya 5: Andika lengo linaloonekana kwa macho

"Ataelewa umuhimu wa usahihi" halionekani. Andika hivi: "Mfungaji atalinganisha namba ya bidhaa na hati ya oda kabla ya kufunga, bila kukumbushwa, katika oda 20 mfululizo bila kosa."

Hatua ya 6: Pima kwa ngazi nne

Ngazi hizi zilianza katika makala za Donald Kirkpatrick mwaka 1959.

Mwitikio: washiriki waliyaonaje mafunzo? Fomu fupi inatosha. Mtu anaweza kuyafurahia sana asijifunze kitu.

Kujifunza: wape jaribio kabla na baada, lenye ugumu uleule. Kama ni kazi ya mikono, wafanye kwa mikono, wasiandike.

Tabia kazini: baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, nenda ukaangalie kama wanakifanya walichofundishwa. Tumia orodha ileile ya hatua uliyoandaa wakati wa kutambua hitaji, na umshirikishe msimamizi wao.

Matokeo: fungua rejesta. Zile oda 12 zimekuwa ngapi?

Maswali na majibu

*Makosa yamepungua, lakini mwezi huohuo tulibadilisha pia mfumo wa lebo. Nitajuaje kilichosaidia?*

Wafundishe kwa zamu. Kundi la kwanza likisoma, la pili linaendelea kama kawaida, na yote mawili yanatumia lebo mpya. Tuseme waliosoma wametoka makosa 12 hadi 5, wasiosoma wametoka 12 hadi 9. Lebo na mambo mengine yamepunguza 3, kwa hiyo mafunzo yanaweza kudai 4 tu, hayawezi kudai yote 7. Makundi yawe yanafanana: ukiwatanguliza walio hodari, ulinganisho umeharibika.

*Mkuu wetu ameshaamua kozi na bajeti imetoka. Mimi ni afisa wa chini, nifanye nini?*

Ndugu yangu, usimpinge, mwombe kipimo. Mwambie: "Mheshimiwa, ningependa tuweze kuonyesha mafanikio ya kozi hii. Tungependa namba ipi ibadilike?" Kutafuta jibu kutawapitisha nyote hatua ya 1 na ya 3, na mara nyingine kozi yenyewe hubadilishwa hapo.

*Watu wangu walifaulu mtihani vizuri, kazini hakuna kilichobadilika. Mkufunzi alikuwa dhaifu?*

Kama walifaulu, walijifunza. Kilichokwama ni kuuhamishia ujuzi kazini. Timothy Baldwin na Kevin Ford walionyesha mwaka 1988 kwamba jambo hilo hutegemea mshiriki mwenyewe, jinsi mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira anakorudi. Anza na mazingira: walipata nafasi ya kutumia walichosoma katika wiki za mwanzo? Msimamizi wao alijua walichofundishwa? Kisha watafute wachache wanaotumia ujuzi huo na wachache wasioutumia, uwahoji kila upande. Sababu utaisikia kutoka kwao.

*Namna gani nahesabu faida kwa fedha?*

Jack Phillips ndiye aliyeiongeza hesabu hii juu ya zile ngazi nne. Toa gharama kwenye faida, kinachobaki kigawe kwa gharama, zidisha kwa 100. Gharama ikiwa 400 na faida 600, jibu ni asilimia 50. Kwenye gharama hesabu pia mishahara ya saa ambazo washiriki hawakuwa kazini, na kwenye faida weka ile sehemu tu ambayo ulinganisho wa makundi umekuthibitishia. Si kila kozi inahitaji hesabu hii: kwa kozi fupi ya watu wachache, ishia kwenye tabia kazini na rejesta.