Jinsi ya Kuitembelea Ngome ya Yesu kwa Siku Moja: Anza Nje, Kisha Uingie

Wageni wengi wa Ngome ya Yesu mjini Mombasa huingia langoni saa sita mchana, hupita chumba hadi chumba wakisoma vibao nusunusu, hupiga picha mbili tatu kando ya mizinga, na baada ya saa moja wameshatoka nje kutafuta kivuli na maji ya baridi. Mimi nami nilifanya vivyo hivyo mara ya kwanza, na nilichorudi nacho nyumbani ni kumbukumbu ya joto tu. Jengo hili lilijengwa kwa ajili ya vita, na hueleweka vizuri zaidi ukianza kulitazama kwa jicho la mtu aliyetumwa kuliteka, ndipo uingie ndani kuona waliolilinda waliishi vipi. Mpango huo una faida ya pili, nayo ni kwamba unakwenda sambamba na jua: kuta na buruji (sehemu za ukuta zinazochomoza pembeni) hukaguliwa asubuhi, vyumba vya makumbusho mchana, na Mji wa Kale alasiri.

Ngome hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na inasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Viingilio hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni kutoka mbali, kwa hiyo usisahau kitambulisho au pasipoti, maana bila hiyo ni vigumu kudai kiwango kinachokustahili. Kwa kuwa taasisi za serikali ya Kenya siku hizi hukusanya malipo yao kupitia eCitizen, yaani tovuti ya serikali ya huduma na malipo, fika ukiwa na simu yenye chaji na pesa katika M-Pesa. Chukua kofia, maji ya kutosha na viatu visivyoteleza, kwa sababu sehemu kubwa ya ngome haina paa na ngazi zake za mawe zimelainishwa na nyayo za karne nne. Ukiweza kuchagua majira, epuka mvua za masika za mwezi wa Aprili na Mei.

Safari ya kwenda na kurudi siku moja inamfaa aliye Mombasa kwenyewe, Diani, Kilifi au hata Malindi. Anayetoka Nairobi kwa treni ya Madaraka hutumia saa tano au zaidi njiani na kuteremka Miritini, upande wa bara, nje ya kisiwa, kwa hiyo huyo alale Mombasa usiku mmoja na kuitembelea ngome kesho yake akiwa amepumzika. Anayetoka pwani ya kusini huvuka kwa feri ya Likoni, ambayo haiwatozi waendao kwa miguu, na akishavuka huchukua tuktuk hadi ngomeni. Kivukoni asubuhi huwa na msongamano wa watu waendao kazini, kwa hiyo ondoka mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Ukifika, usikimbilie langoni. Anzia upande wa bara, yaani upande wa magharibi, ambako asubuhi ukuta wenyewe hukupa kivuli, na utazame handaki kavu lililochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Ujenzi ulianza mwaka 1593 na kukamilika mwaka 1596, kwa amri ya mfalme aliyetawala Ureno na Hispania kwa pamoja, na ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Mchoro wake umefuata wazo la wasanifu wa zama zile kwamba ulinganifu kamili unapatikana katika mwili wa binadamu, ndiyo sababu ngome ikitazamwa kutoka juu hufanana na mtu aliyelala chali, mikono na miguu yake ikiwa zile buruji nne, na kichwa chake kikielekea baharini.

Hapo chini huwezi kuliona umbo la mtu, lakini utaona kitu chenye manufaa zaidi. Simama mahali ambapo buruji ya São Filipe inakutana na ukuta mrefu, kisha uangalie ilivyo ng'ambo buruji ya São Alberto. Kila buruji kati ya hizi mbili ina pembe iliyorudi ndani, na pembe hizo zinatazamana, hivi kwamba mpiga mizinga aliyejificha katika moja aliweza kuwafyatulia watu waliokuwa wakipandisha ngazi kwenye ukuta wa katikati bila yeye mwenyewe kuonekana kutoka nje. Tembea kutoka buruji moja hadi nyingine ukijiuliza ni wapi ungeweza kujificha. Hakuna. Upande wa bahari hakukuhitajika ustadi kama huo, na ndiyo maana buruji za São Mateus na São Matias ni sahili zaidi. Leo adui wa upande huo ni mawimbi, ambayo yameula mwamba wa msingi hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia.

Sasa nenda langoni, na kabla ya kuingia inua macho. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambayo wageni wengi hupita chini yake bila kuyaona. Yaliwekwa baada ya aibu kubwa. Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, alichukuliwa na Wareno hadi Goa, makao yao makuu nchini India, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, akarudishwa kuwa mfalme mwaka 1626. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha wa ngome, na Wareno wa Mombasa wakauawa karibu wote. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa, Wareno wakarudi, na nahodha mpya akaandika sifa zake juu ya lango lile lile.

Karibu na lango utakutana na watu wanaojitolea kukuongoza. Mwongozaji mzuri anastahili malipo yake, lakini muulize kitambulisho cha kazi na mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza. Niliwahi kumfuata mmoja aliyenisimulia habari za mapango ya siri kwa nusu saa nzima, kisha akanitajia malipo ambayo yangetosha kulala hoteli.

Ukishaingia, panda kwanza juu ya kuta jua likiwa bado la upole. Katika buruji ya São Filipe ipo Nyumba ya Oman, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18, na ndani yake kuna maonyesho ya vito na mapambo ya Kiomani, lakini mimi humshauri kila mtu atoke nje kwanza aone mapaa ya Mji wa Kale na maji ya bandari ya majahazi. Kisha zunguka kuelekea baharini hadi kwenye njia ya matao, iliyochongwa ndani ya mwamba ikiteremka kuelekea majini. Hapo ndipo siri ya ngome ilipo. Chakula, baruti na askari wapya vilikuja kwa mashua, na aliyeidhibiti bahari ndiye aliyeamua ngome iishi au ife.

Kaa katika kivuli cha matao hayo ufikirie mazingiwa ya mwaka 1696. Majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yalifika mwezi wa Machi, na ngome haikuanguka mpaka Desemba 13, 1698, baada ya miezi 33. Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na usiku wa mwisho walipopandiwa ukuta walikuwa wamebaki wachache sana. Misaada ilikuja kutoka Goa, lakini merikebu ya kivita iitwayo Santo António de Tanna, yenye mizinga 42, ilizama mwaka 1697 mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa.

Jua likifika utosini, ingia makumbusho, ambayo yamewekwa mahali palipokuwa makazi ya askari. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika merikebu hiyo kati ya mwaka 1977 na 1980 vipo humo, na baada ya kukaa kwenye matao vitakuwa na maana nyingine kwako. Pita haraka penye vigae vya vyombo vya kale ikiwa si mpenzi wa vigae, lakini usikose picha za ukutani zilizochorwa na askari wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Sogea karibu nazo. Utaona merikebu zenye tanga, samaki, makanisa, na mistari iliyorudiwarudiwa na mkono wa mtu asiye msanii, askari wa lindo aliyekuwa akichora chombo ambacho labda kingemrudisha kwao. Tafuta pia ukumbi wa Mazrui, ukoo wenye asili ya Oman, wenye maandishi yaliyochongwa kwenye boriti; ukoo huo uliitawala Mombasa hadi Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoitwaa mwaka 1837. Kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza hadi mwaka 1958, na makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960.

Kiasi cha saa nane utoke, ukale. Mji wa Kale unaanzia mlangoni pa ngome, na kwenye vichochoro vyake kuna viazi karai, mishikaki na madafu, ila katika mwezi wa Ramadhani usitarajie kupata chakula mchana, wala usile wazi barabarani. Vaa nguo za heshima, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Pita vichochoroni hadi msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa ulijengwa yapata mwaka 1570, yaani mji huu ulikuwa ukisali hapo kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa. Mbele kidogo ipo nyumba ya Leven, yenye ngazi zinazoshuka majini.

Ukirudi kupitia Likoni, uwe kivukoni kabla ya saa kumi alasiri. Ukilala kisiwani, subiri wauza kahawa watoke na madele yao jioni, ukae barazani uombe kikombe cha kahawa chungu na kipande cha haluwa, na uwaulize wazee waliokaa hapo ni nani katika ukoo wao aliyewahi kufungwa ngomeni.