Namna ya Kuchora Mandhari ya Dodoma kwa Ajili ya Kuchapwa, kwa Njia ya Waholanzi

Mchoro wa kuchapwa huandaliwa ili mtu mwingine auchonge kwenye bamba la shaba, na kwa hiyo kila ukingo na kila kivuli sharti kieleweke kwake bila mchoraji kuwapo. Waholanzi waliijua vema kazi hii. Kitabu cha Samuel Ampzing kuhusu Haarlem, mji wa Uholanzi, kilichotoka mwaka 1628, kina picha zilizochorwa na Pieter Saenredam na kuchongwa na Jan van de Velde. Katika karne iliyofuata Jan de Beijer alichora miji na vijiji vingi, naye Hendrik Spilman akavichonga.

Anza kwa kuchagua mahali pa kusimama. Kilima cha Mlimwa hukuonyesha mji mzima, lakini majengo huwa madogo mno, hivyo kwa mchoro wa kwanza napendekeza barabara iliyo karibu na stesheni ya zamani ya reli. Nenda asubuhi, kwa kuwa jua la mchana la Dodoma hufuta vivuli. Chora kwa penseli nyepesi, kisha andika pembeni palipo bati, vigae au mawe, kwani kazi safi utaifanya mezani, kama alivyofanya De Beijer kwa michoro aliyoianza safarini.

Mezani, chora kwa kalamu na wino, kwa ukubwa uleule wa bamba, kisha paka kijivu cha maji, yaani wino uliochanganywa na maji. Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Mchongaji hana kijivu. Ana mistari tu, naye hukitafsiri kila kijivu chako kwa kuisogeza mistari karibu au kuitenga, hivyo ukitumia viwango kumi vya kijivu utampa kazi isiyowezekana. Vitatu vinatosha: ukuta ulio juani, ukuta ulio kivulini, na giza la chini ya paa na ndani ya milango. Anga la kiangazi liache jeupe. Usibuni mawingu yasiyokuwapo. Watu na bodaboda wawe wadogo, kwa ajili ya kuonyesha kimo cha majengo.

Kuhamisha mchoro, paka chaki nyekundu nyuma ya karatasi, uilaze juu ya bamba lililopakwa nta, kisha fuatisha mistari kwa kijiti chenye ncha butu. Michoro mingi ya zamani bado ina mifereji ya ncha hiyo, nayo huonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa ubavuni. Ukitaka kuutunza mchoro wako, weka karatasi nyingine iliyopakwa chaki katikati.

Kumbuka kwamba chapa hutoka imegeuka. Kwa picha ya mji hili ni kosa kubwa: Mlimwa utahamia upande usio wake, maandishi ya maduka hayatasomeka, na mwanga wa asubuhi utaangukia upande wa jioni. Nakili kwanza kwenye karatasi angavu, yaani inayopitisha mwanga, uigeuze, ndipo ufuatishe. Au mchongaji autazame mchoro wako kwenye kioo.

Asiye na shaba atumie kibao laini, lakini aondoe kijivu cha kati, maana mistari myembamba hukatika kwenye mbao.

Chini ya picha acha ukanda mtupu: jina la mchoraji huandikwa kushoto, la mchongaji kulia, na jina la mahali katikati.