Usukani wa boti ukinesa, anza na upepo
Wenye boti za injini pale bwawa la Mtera, usukani wa haidroliki (unaosukuma injini kwa nguvu ya oili) ukianza kuzunguka bure au kunesa unapofika mwisho, msikimbilie kununua pampu mpya. Mara nyingi ni upepo, yaani hewa, umeingia kwenye mfumo wa oili, na haukuingia bila njia. Pitisha kitambaa kikavu nyuma ya usukani, kwenye maungio ya mipira na kwenye fimbo ya silinda. Penye oili ndipo penye ugonjwa. Sili (mpira unaozuia oili isivuje) ikishakufa, kujazia oili kila siku ni kupoteza hela.

Ukishaziba, jaza oili kwenye pampu ya usukani (na vumbi letu hili la Dodoma, futa kifuniko kabla ya kukifungua). Zungusha upande mmoja mpaka injini igote, legeza nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye silinda) ya upande huo inayotoa oili, endelea kuzungusha taratibu hadi itoke bila povu, kaza. Kisha upande wa pili. Pampu isikaukiwe katikati ya kazi, utaanza upya. Oili ya breki msitie kamwe, inaharibu sili.

Usukani mgumu ni jambo jingine: tenganisha silinda na injini, sukuma injini kwa mkono. Ikigoma, inataka grisi.